Mama Mwiya na Kambare Wasiomwacha Alale

"Anaongea nao," Mama Sepo aliniambia. "Usinitazame hivyo, Mama Limpo. Nimemsikia kwa masikio yangu haya. Anawaita, wanatoka majini, wanamfuata mpaka mlangoni kama mbuzi."

Tulikuwa tunatwanga mihogo, yeye na mimi kwenye kinu kimoja, mchi wake ukipanda wangu ukishuka. Limpo alikuwa amelala mgongoni mwangu, kichwa kikiyumba kila nikipiga.

"Anawaita kwa kusema nini?" nikauliza.

"Maneno sikuyapata. Ulitaka nisogee karibu anichukue na mimi? Sauti ndiyo niliyoisikia. Ya chini, ya kubembeleza." Akasimamisha mchi, akautazama mgongo wangu. "Na unajua aliwalipa nini. Mwiya hakufa kwa kifua, mwenzangu. Maji yalimdai mama yake, naye akatoa. Mwanao mfunge vizuri."

Nikajikuta nimepeleka mkono nyuma kugusa mguu wa Limpo.

Mama Mwiya alikuwa anakaa nyumba ya mwisho ya kilima chetu, upande wanakoshukia ng'ombe. Kilima chenyewe ni kidogo. Nyumba zimebanana juu yake kwa sababu tambarare yote inayotuzunguka ni ya maji. Yakiwa yameondoka ni majani na ng'ombe, yakirudi ni mitumbwi, na sisi tunahama kwenda ukingoni mwa tambarare mpaka yapungue. Mtu akikohoa nyumba ya kwanza, wa nyumba ya mwisho anampa pole. Kwa hiyo mtu akisema amesikia sauti alfajiri, si rahisi kumbishia.

Maisha ya Mama Mwiya niliyajua kwa vipande, maana si mtu wa kusimulia. Ukimuuliza jambo atakujibu nusu, nusu nyingine ataimalizia kwa pumzi. Alizaliwa upande wa msituni, kwa watu wanaochonga mitumbwi na kurina asali, watu wanaouza mtumbwi bila kujua kuupanda. Simataa alimwoa akamleta huku tambarare akiwa binti. Mafuriko ya kwanza alipoyaona yanakuja yakimetameta kwenye majani, alichukua kuku wake akapanda naye juu ya paa, akakataa kushuka. Simataa alicheka mpaka akakaa chini. Hilo alinisimulia mwenyewe, na ni mara chache sana nilizoona meno yake.

Miaka ile Simataa na ndugu yake Wamunyima walikuwa na dimbwi pamoja, lile kubwa lililo chini ya kilima, na siku ya kulifungua kwa uvuvi Mama Mwiya ndiye aliyetangulia kwenye mstari wa wanawake wenye makapu. Halafu ukaja mwaka ambao maji yaliwahi. Watu walihama kwa kukimbizana, mvua ikiwapiga, na Mwiya, mtoto aliyekuwa ameanza kung'oa meno ya utoto, alikuwa na kifua kibaya. Alimfia mama yake mapajani katikati ya maji, ukingo haujaonekana. Wanasema mama hakulia. Mtumbwi ulipogonga nchi kavu alimfunga mwanawe mgongoni kama aliye hai, akatembea naye mpaka penye mchanga mkavu, akaanza kuchimba kwa kasia. Watu husahau mengi, lakini mama asiyelia hawamsahau. Jina la Mwiya likabaki kwa mama yake kama kawaida, wala hakupata mtoto mwingine wa kulifunika.

Simataa naye alipokufa, dimbwi likawa la Wamunyima peke yake. Wamunyima ndiye baba wa mume wangu, nami sitamsema vibaya. Hakumfukuza shemeji yake. Alimwachia nyumba, akamwachia na kuku. Dimbwi tu ndilo hakumwachia.

Sasa, hapa kwetu samaki aliye dimbwini ana mwenyewe. Hata mwenye dimbwi hawagusi wake mpaka siku ya kufungua, mjumbe wa chifu atakapokuja kupokea kapu la kwanza. Lakini kambare akitoka majini akatembea mwenyewe nchi kavu, hana mwenyewe tena. Ni wa yeyote atakayemwinamia. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, na hata Baba Wamunyima hawezi kuligeuza hilo.

Mama Mwiya aliishi kwa hao wanaotembea. Miezi ya joto madimbwi yakinywea, kambare hubanana matopeni wakitoa midomo juu kuvuta hewa, na ukipita karibu unasikia kama watu wengi wanaomeza mate. Umande ukiwa mwingi, au mvua ikidondoka, wenye nguvu huondoka. Wanajivuta kwa miiba ya mapezi, wanajipindapinda kwenye majani, wanaelekea wanakojua wao kuwa kuna maji. Mama Mwiya alikuwa anaamka kabla ya jua na kuzunguka akiwaokota. Kazi hiyo ukiitazama unaona ni ndogo, ni kuinama tu. Lakini kuinama kila asubuhi kwa mtu asiyelala vizuri ni kazi nyingine. Viganja vyake vilijaa makovu ya miiba. Samaki aliwapasua, akawakausha kwa moshi, akabadilishana nao kwa unga na maziwa mgando. Sisi wengine tulikuwa na madimbwi ya waume zetu, tukalala. Kuokota watembeao ni kazi ya asiye na watu, ndivyo tunavyosema, na tunasema huku tukila.

Mwaka huo kambare walitoka sana, na Baba Wamunyima alichoshwa na maneno. Mama Sepo hakuishia kwangu. Kila kinu cha kilima kilisikia habari ya kuitwa kwa samaki. Basi Baba akatoa zile nyuzio za matete ambazo huwa tunazisimamisha kwenye mifereji maji yanapopungua, samaki wasifuate maji, akaamuru zizungushwe kwenye dimbwi zima, juu kwenye ukavu.

"Haya," akasema, akijifuta jasho. "Sasa awaite. Tuone kama wataota mabawa."

Ng'ombe ilibidi wanywe, kwa hiyo aliacha upenyo mmoja kwenye njia yao, na jioni ukawa unazibwa kwa matawi ya miiba. Mwiba humzuia ng'ombe. Nilipita pale nimebeba maji nikayaona yale matawi, yameelea juu ya ardhi kama nywele za mtu aliyeamka, nafasi tupu chini yake. Nani amwambie mkwewe habari za uzio?

Mjumbe wa chifu akachelewa. Mvua haikuchelewa. Ilinyesha usiku mmoja kwa hasira, ikakoma karibu na alfajiri.

Limpo alikuwa anasumbuliwa na tumbo siku hizo. Mume wangu Muyoba alikuwa mbali huko juu, kwenye kazi ya mbao, nami nilikuwa nalala kwa kudokoa. Mtoto alipoanza tena kulia, nilimfunga mgongoni nikatoka nje kumtembeza, mwanga ndiyo kwanza unachungulia.

Nilisikia kwanza. Ilikuwa kama nguo mbichi inaburutwa, nyingi, kila upande. Kisha nikawaona. Walikuwa wanapita chini ya yale matawi ya miiba, weusi, wanang'aa, ndevu zimelala kwenye tope, mmoja nyuma ya mwingine. Nyayo za ng'ombe zilikuwa zimejaa maji ya mvua, kila unyayo kisima kidogo, nao wakawa wanafuata nyayo: anaingia kwenye unyayo, anapumzika, mdomo unafunguka, anatoka, anauendea mwingine. Njia ya ng'ombe inapita mbele ya nyumba ya Mama Mwiya ikielekea mferejini. Wengine walishafika mlangoni. Mmoja alikuwa anagonga ubao kwa mkia.

Mlango ukafunguka. Mama Mwiya akatoka kichwa wazi, kitenge kakishika kwa kidevu, akasimama anawatazama.

"Nyinyi tena?" akasema. Sauti ilikuwa ya chini kweli, kama Mama Sepo alivyosema. "Usiku kucha paa limenivujia. Ndiyo kwanza nafumba jicho. Hamna mlango mwingine kilima hiki?" Kambare akapanda juu ya mguu wake. Akamtazama. "Haya, wewe. Polepole. Ngojeni mgongo uinuke, nachukua kapu. Nimesema ngojeni, watoto wabaya nyie."

Basi hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kuwaita.

Akaniona. "Mama Limpo. Mtoto hajalala?"

"Hajalala, mama."

"Na mimi ninao hawa," akasema, akainama.

Alikamata mmoja mkubwa, mrefu kama mkono, naye akajipinda na kumchoma kiganjani. Mama Mwiya hakusema hata "aa". Alimtia kapuni, akanyonya damu, akaitema, akainama tena. Nilimsaidia kuwazuia kwa mguu wale waliotaka kupita, mpaka Limpo akanyamaza kwa kuwashangaa.

Jua lilipopanda, kilima kilikuwa kimeamka chote, na dimbwi la Baba lilikuwa limebaki na vidagaa na tope. Mama Sepo alikuwa anazunguka akipiga mapaja. "Nilisema! Uzio wote ule, wametoka pamoja, wameenda kwake pamoja! Nani hapa alifuatwa na hata chura?"

Baba Wamunyima alituita uani kwake. Mama Mwiya alikuja akajiketisha chini, mkono ameufunga kitambaa, akapiga makofi ya salamu kwa vidole tu.

"Shemeji," Baba akaanza, "nimezungusha matete pande zote."

"Umezungusha, shemeji."

"Na samaki wamekujia."

"Wamenijia. Nilikuwa nimelala."

"Ulikuwa umelala, wakaja wenyewe!"

"Mmoja alinikanyaga," akasema Mama Mwiya. "Mwenye kesi ni mimi."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Mama Mwiya mwenyewe hakucheka. Alikuwa amechoka hata kujitetea. Niliona kope zinamshuka huku anashtakiwa. Mama Sepo akapaza sauti: "Muulize Mwiya yuko wapi!" Hapo kope zikafunguka, lakini mdomo haukufunguka.

Nilipiga magoti. Nikapiga makofi, macho chini, nikaomba neno. Mwanamke aliyeolewa hasemi hivyo uani kwa mkwe wake, lakini mdomo wangu ulishatangulia.

"Baba, niliwaona wakitoka. Walipita chini ya miiba, pale kwa ng'ombe. Wanafuata nyayo za ng'ombe zilizojaa maji, na njia ya ng'ombe inapita mlangoni kwake. Nyayo bado zipo, baba. Hakuna aliyewaita."

Baba aliinuka akashuka kwenda kuangalia, na wazee wakamfuata. Mjomba wake, mzee Mukelabai, ndiye aliyerudi wa kwanza, ameshika kambare mdogo aliyemtoa kwenye unyayo, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Wamunyima, mpwa wangu! Umewafungia milango yote ukawaachia barabara kuu! Na visima vya kunywea njiani! Chifu mwenyewe hapokelewi hivyo!"

Watu wakacheka, safari hii bila kukohoa. Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Lakini mtu mzima akichekwa uani kwake hutafuta pa kuutua mzigo.

"Neno la samaki limekwisha," Baba akasema, kicheko kilipopungua. "Wametembea, ni wake. Lakini maji yanakuja. Mwaka jana shemeji alipanda mtumbwi wangu, na wake za wanangu wakalalamika kukaa naye na watoto. Mimi sitagombana na nyumba yangu kila mwaka. Nauliza: nani hapa atamweka kwenye mtumbwi wake, pamoja na watoto wake? Aseme. Akikosekana, shemeji arudi kwa watu wake msituni sasa hivi, miguu ikiwa bado inapata ukavu. Akingoja maji yamkute bila mtumbwi, damu yake isiwe juu yangu."

Nilisikia kuku wakiparura. Wanawake walitazama watoto wao. Mtumbwi wa nyumba yangu ni wa Muyoba, na Muyoba hakuwepo. Mke hagawi nafasi ya mtumbwi wa mumewe mbele ya wazee. Wengine waume zao walikuwa wamekaa palepale, nao hawakusema.

"Nimesikia, shemeji," Mama Mwiya akasema. Alijaribu kuinuka, ikashindikana, akajaribu tena.

Siku zilizofuata mkono wake ulivimba ukawa kama kiazi. Nilimpelekea uji jioni, nikakaa naye kidogo nje ya mlango, Limpo nimempakata. Alikuwa anakaa mbali kidogo na sisi. Nilidhani ni kwa ajili ya moshi wa samaki, mpaka nikaona kila nikisogea naye anasogea. Alikuwa ananihurumia, nisisemwe na watu kwa kukaa naye.

"Utaenda msituni, mama?"

"Kwa nani? Waliobaki kule wananijua kwa jina tu. Nitafika nijieleze mlangoni, mimi ni binti wa fulani, aliyekufa lini." Akapuliza uji. "Na ni mbali. Nikifikiria ile njia ya mchanga, naona heri maji."

"Usiseme hivyo."

"Nasema tu. Mtu akichoka husema." Alitazama kambare waliokuwa wamelala ndani ya chungu, chini ya majani mabichi, wanafungua na kufunga midomo. "Watu humsifu huyu. Ati ana nguvu, anaacha maji anatembea. Mtazame jicho, uniambie kama anafurahia safari. Kwake pamekauka, basi. Angepata maji ya kumfika mgongoni asingenyanyua hata pezi."

Limpo akanyoosha mkono kwake. Watoto hawana habari. Mama Mwiya akauangalia ule mkono mdogo, akaacha kunywa, lakini hakuugusa.

"Mwiya alikuwa mzito," akasema. "Siku ile ya mtumbwi alikuwa mzito kwa sababu ya homa, na joto lake nililisikia mapajani mpaka lilipokwisha. Hawa wanasema sikulia. Nilikuwa nasikiliza kama joto litarudi."

Nilichukua bakuli nikaenda kuliosha.

Halafu mvua ikanyesha tena. Limpo alilia kuanzia ilipoanza mpaka ilipokoma, na ilipokoma akaendelea. Nilimnyonyesha, nikamsugua tumbo kwa mafuta, nikamtembeza ndani hadi miguu ikakataa. Kulipopambazuka nilikuwa nimekaa kizingitini, mtoto mgongoni, fundo la kitenge limelegea kifuani na sina nguvu ya kulikaza. Mama Sepo alikuwa ameshatoka kufagia uwanja wake. Wake za shemeji zangu walikuwa wanawasha moto. Baba Wamunyima alikuwa amesimama juu, anautazama mfereji, anapima maji kwa macho.

Mama Mwiya akaja akipanda polepole kutoka upande wa ng'ombe. Kapu lilikuwa kwenye mkono mzima, ule mbovu ameukumbatia kifuani. Alipita mbele ya Mama Sepo bila kuharakisha, na ufagio ukasimama. Alifika kwangu akashusha kapu, kisha akajishusha na yeye, kando yangu, karibu, bega lake likigusa langu kwa mara ya kwanza. Alinuka moshi. Alikaa kwanza mpaka pumzi ikamrudi, na Limpo akaacha kulia ili amtazame.

"Wameanza kutoka," akasema. "Nimewasikia, lakini mkono haufungi. Chukua kapu, mwanangu, nenda wewe leo. Waokote wote uwe nao, mimi sitaki hata mkia. Habari ya mtumbwi tuiache, hiyo ni ya mumeo akirudi. Nakuomba hili tu. Huyo mtoto niachie. Nimpakate hapa hapa mlangoni, wote wakiniona, mpaka utakaporudi. Nimechoka, Mama Limpo. Nipe nikae naye."